Mama Yangu Yuko Jikoni

Mwalimu wetu wa Kiingereza alirudi kutoka masomoni Mbeya na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, sahani zake za santuri, na imani mpya. Lugha, alituambia, si akili. Lugha ni mazoea. Mtoto mchanga hatafsiriwi maneno na mama yake, basi na sisi tusitafsiriwe. Tutazame picha ukutani, tusikilize, turudie, turudie tena, mpaka kinywa kijue njia chenyewe. Atakayeuliza maana kwa Kiswahili atatoka nje, na atakayeuliza kwa Kihehe asirudi. Miaka ile ya hamsini walimu wenzake pale shuleni kwetu, Kihesa, walimcheka wazi. Mimi nilimwamini, maana nilikuwa mvivu wa kufikiri na hodari wa kuiga.

Ndani ya sahani moja alikaa mama wa Kizungu mwenye sauti ya mafua. Anauliza, ananyamaza kidogo, sisi tunajibu kwa pamoja. Baba yako yuko wapi? Baba yangu yuko bustanini. Mama yako yuko wapi? Mama yangu yuko jikoni. Yote kwa Kiingereza, kila siku ya Mungu, hata mpishi wa shule akawa anajibu huko nje huku akichambua maharage.

Muhula wa pili mjomba akaja kunichukua. Mama amefariki, aliniambia, homa tu, haikumchelewesha. Tulipofika nyumbani Igowole walikuwa wameshazika. Kwetu anayekuja msibani huanza kulia tangu njiani, watu wamsikie kabla hawajamwona. Mimi niliingia uani kimya. Shangazi akanishika mabega akanitikisa: "Lia, we mtoto! Si mama yako huyo?" Nikajaribu. Wapi! Nikakaa mkekani na wanawake, nikanyolewa nywele, nikala ugali, nikalala. Nikawasikia wakinong'ona kwamba shule imenikausha.

Bibi, mama mzaa mama, hakunong'ona. "Mjukuu wangu, usipomlia mama yako utamzika lini?"

"Sijui, bibi."

Na kweli sikujua. Niliogopa kwamba labda sikuwa nimempenda.

Nikarudi Kihesa na kipara changu. Gramafoni ikazungushwa. Mama yako yuko wapi? Mwenzangu wa dawati akaniangalia, akashindwa kujibu. Mimi nikajibu vizuri kabisa: yuko jikoni. Haikuniuma hata chembe. Niliyasema maneno yale muhula mzima, na yalipita mdomoni kama uji uliopoa. Mwalimu akafurahi, akawaambia wenzangu kinywa changu kimeiva. Nilitamani kumtukana lakini hata hasira sikuwa nayo.

Mwisho wa mwaka akaja mkaguzi, Mzungu, kututahini kwa mdomo. Atakayefaulu ataendelea na masomo, atakayeshindwa arudi kulima. Akaniuliza habari za mama yangu. Nikamwambia yuko jikoni. Akatabasamu, nikafaulu.

Nyumbani baba akachinja kuku, akaita majirani. Siku hiyo sikuambiwa niko mkavu, niliambiwa msomi. Shangazi yule yule akadakia: "Hebu tusikie hicho Kiingereza chenyewe!" Nikasimama katikati ya uani, mikono nyuma, nikasema jibu langu kama lilivyo kwenye santuri, mafua na yote. Jamani, vigelegele! Baba alifuta macho kwa furaha.

Bibi hakupiga makofi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, miguu ameinyoosha. "Sasa umesema nini? Tuambie na sisi."

Tangu gramafoni ije, hakuna aliyewahi kuniomba tafsiri. Nikafungua kinywa, nikasema kwa Kihehe, kwa lugha aliyonifundisha mama mwenyewe, kwamba mama yangu yuko jikoni.

Wengine waligeuka kutazama mlango wa jiko, uliokuwa wazi. Na mimi, msomi mzima, nikajikuta nakwenda kuangalia. Moto ulikuwa unawaka, chungu cha kuku kinachemka, mwiko wa mama umeegemezwa pale pale alipokuwa akiuegemeza siku zote. Hakukuwa na mtu. Nikaanguka chini karibu na mafiga, nikalia kwa sauti iliyonitisha mwenyewe. Kuku akaanza kuungua. Shangazi akaja mbio aniinue, lakini bibi alishafika mlangoni na kumzuia kwa mkono.

"Mwache," alisema. "Ndiyo kwanza amefika msibani."