Mhubiri Mwenye Mkalimani

Tulikuwa watu watano kwenye komite, na sijawahi kuona watu wazima wakishindana kwa upumbavu namna ile. Najihesabu na mimi. Kazi yetu ilikuwa kumchagua kiongozi wa kanisa jipya ambalo kanisa letu la Katindo lilitaka kulianzisha mtaa wa Lac Vert, hapa Goma.

Kusema kweli, kanisa lenyewe lilikwisha kuanza bila sisi. Mama mmoja, muuguzi mstaafu, alikuwa akikusanya watu uani kwake kila Jumapili, wengi wao wakimbizi wa vita kutoka Masisi, wakiketi juu ya mawe meusi ya volkano. Aliwafunga vidonda kwanza, kisha akawasomea Neno. Alijua nani amefiwa na nani hajala tangu jana. Komite yenye akili ingemwambia, "Mama, endelea." Sisi tukaitisha mashindano ya mahubiri, pale pale uani kwake.

Mshindani wake alikuwa bwana mmoja wa Keshero, suti ya buluu, viatu vyenye ncha. Maharage ananunua kwa Kiswahili, madereva wa pikipiki anawatukana kwa Kiswahili, lakini ujumbe wa Mungu, alisema, humjia kwa Kifaransa. Akaomba mkalimani. Komite ikalainika papo hapo. Kwetu Goma mhubiri anayetafsiriwa ni mkubwa. Anayeeleweka moja kwa moja ni jirani tu.

Mkalimani nilikuwa mimi, mwalimu wa Kifaransa.

Bwana yule alinguruma saa nzima juu ya maono, viwango na safari yake ya Kinshasa. Mara tatu alipotea katikati ya mstari wa Biblia. Niliona aibu kusikika nikitamka takataka zile mbele za watu, basi nikazitengeneza. Aliposema viwango, mimi nikamtaja mama aliyemzika mtoto njiani akitoka Sake, na Mungu ambaye hakugeuza uso. Alipopiga kelele za ushindi, niliwaambia wajane kwamba kulia si kukosa imani. Watu wakatokwa na machozi. Yeye akadhani ni kazi yake, akapanguza jasho, akazidisha sauti.

Mama alisema kwa robo saa, polepole. Hakuna aliyelia. Wawili waliuliza maswali, akawajibu.

Kabla komite haijaketi, aliniita kando ya ua.

"Mwalimu, Kifaransa naisikia. Ile maneno njo yako, haiko yake. Uwaambie. Hawa watu wameteseka sana, ye hatawachunga."

Nikamwahidi.

Ndani, mwenyekiti wetu alikuwa amekwisha kuamua. "Huyu njo mutu! Iko na niveau, iko na kiwango. Mama ye anaongeaka Swahili tu, sawa siye." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, weye ulisimama naye. Unasema nini?"

Muda mfupi kabla, bwana yule alikuwa amenishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita "professeur", akasema hataweza kuhubiri popote bila mimi. Miaka yote nimefundisha watoto wa watu, hakuna aliyewahi kuniita hivyo.

"Ni mutu wa Mungu," nikasema.

Leo kanisa lina viti vya plastiki na maspika makubwa. Vidonda havifungwi tena. Mchungaji anasema harufu inafukuza wageni. Wengi wa wale wa kwanza wameacha kuja, na hakuna anayewaulizia. Namdharau mtu yule kwa moyo wangu wote, na kila Jumapili nasimama kushoto kwake nikimshonea mahubiri.

Mama bado anakuja, anaketi safu ya mwisho. Jumapili iliyopita alipita mlangoni tuliposimama kuagana na watu, akaupita mkono wa mchungaji, akaushika wangu.

"Leo umehubiri muzuri, mwalimu."

Mchungaji alicheka, akidhani mama amekosea mtu.