Barasa Apanda Basi

Chuo cha jeshi alikosomea Athanas kina desturi yake: kila siku ya Uhuru huitwa majina ya makadeti waliokufa wakiipigania nchi, na kadeti aliye hai huitikia kwa niaba ya kila mmoja, “Yupo!” Athanas alipewa Barasa, aliyekufa akiwa na miaka kumi na tisa, akaapa kumwitikia maisha yake yote. Mdomo huo!

Sasa ni mlinzi Doha. Asubuhi ya Uhuru wa kwao, msimamizi Cyrus alipomaliza kuita majina ya walinzi penye basi la kampuni, Athanas akapiga saluti iliyonyooka kama rula. “Barasa yupo!”

“Barasa gani tena, jenerali wa geti?”

“Alikufa vitani, bosi.”

Walinzi wakacheka. “Basi apande, tumechelewa,” akasema Cyrus.

Athanas akamwachia Barasa kiti cha dirishani, akangoja uchungu umshike kama zamani chuoni alipoitikia jina hilo. Njia nzima haukumshika.