Bubu wa Kibanda Namba Saba

Mama mkwe wangu, Mbuke wa Samuye, ananijua kwa vitu viwili: viatu vyangu, na sahani yangu ikirudi jikoni. Uso wangu haujui. Huu ni mwaka wa kumi na tisa tangu nimwoe binti yake Coletha, na katika miaka yote hiyo hajaniinulia macho hata mara moja, wala mimi sijawahi kumwona akitafuna. Msidhani tumegombana. Sisi Wasukuma tuliolelewa kizamani, mkwe na mama mkwe hawali wakionana. Kuliko Mbuke anikute na tonge mdomoni, bora anikute sina nguo.

Tukienda Samuye mimi hukaa nyuma ya ghala, yeye jikoni, na katikati hutembea Coletha na masinia. Tunasalimiana kwa sauti kupitia ukuta. Nikipita uani anatazama chini, kwa hiyo anachokifahamu ni katambuga zangu, viatu vya tairi ninavyovipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Kisha sahani inarudi naye anaisoma. Mimi nikila samaki napanga miba ukingoni, mmoja baada ya mwingine, kichwa nakiweka mwisho kikitazama nje, na lazima nibakize kitonge cha ugali cha ukubwa wa dole gumba. Ndivyo alivyokula baba yangu, na nimeshindwa kuacha. Mwaka fulani nilirudisha maini nusu. Kesho yake nikaletewa nyumbani kwangu Ngokolo chupa ya mizizi michungu yenye maagizo ya siku saba. Nilikuwa naumwa jino tu, lakini niliinywa yote.

Sasa, kitambulisho cha Mbuke kinasema alizaliwa tarehe mosi Julai, siku ambayo kwa mujibu wa vitambulisho ilizaliwa nusu ya Samuye. Tarehe ya kweli hakuna anayeikumbuka. Mwaka aliotimiza sabini, mosi Julai iliangukia Jumamosi, na mama huyu ambaye sijapata kusikia akiomba kitu zaidi ya chumvi, akampigia binti yake simu akaomba kwenda Geita. Marehemu mumewe, mzee Mageni, alichimba dhahabu huko miaka mitatu, akarudi na redio moja na hadithi za hoteli zenye vitambaa mezani. Mbuke alitaka kukaa kwenye meza ya namna hiyo, ale chakula asichokipika, na watu wake wote wawe wanakula pamoja naye.

Hayo maneno "watu wake wote" ndiyo yaliyonitesa. Watoto wake wengine wawili wameshatangulia mbele ya haki. Mjukuu wake, Goodness wetu, alikuwa bwenini na mitihani. Tuliobaki ni Coletha na mimi. Yaani nusu ya watu wake ni mimi, na mimi ndiye mtu ambaye hatakiwi kumwona akila.

Mimi ni fundi magari. Gari likisumbua natafuta kipuri, silii. Hapa kipuri kilikuwa ukuta: tukae hoteli moja, saa moja, chakula kimoja, na katikati yetu uwepo ukuta mwembamba wa kutosha asinione ila anisikie. Wiki nzima nilipiga simu hoteli za Geita.

"Mna ukuta?" nikawauliza wa kwanza.

"Tuna kuku, tuna sato, tuna mbuzi wa kuchoma."

"Sijauliza kuku. Nauliza ukuta wa ndani."

"Kaka, wewe ni mteja au mtu wa kodi?"

Walikata simu wengi. Hatimaye niliandika majina ya hoteli tatu zilizokiri kuwa na ukuta, na Jumamosi alfajiri tukaondoka kwa gari langu kupitia Kahama. Coletha mbele, Mbuke nyuma yangu, na nyuma ya kiti changu tulitundika kitenge ili kisogo changu kisimwaibishe. Safari nzima aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Alikuwa amevaa gauni la Pasaka na alikataa kula hata karanga njiani. Alisema anatunza nafasi.

Hoteli ya kwanza ukuta wake ulikuwepo kweli, lakini ulikuwa wa kioo. Niliupima kwa mkono, nikaugonga, nikamuuliza mhudumu kama anaweza kuubandika magazeti kwa saa moja. Alikwenda kumwita mlinzi.

Ya pili ilikuwa na vyumba viwili vizuri, mlango katikati. Tatizo lilikuwa meneja wake, mama mmoja mnene, mcheshi, aliyeitwa Euphrasia. Nilipomwambia mama mkwe wangu akae huku na mimi nikae kule, machozi yakamlengalenga.

"Siku ya kuzaliwa mama, halafu mnatengana?" akasema. "Hapana. Hapa kwangu watu wanaingia wamenuna wanatoka wamekumbatiana. Baba, njoo. Mama, njoo. Mpeane mikono."

"Dada, hatujagombana," nikamwambia.

"Wote husema hivyo."

Alinishika mkono mmoja, akaenda kumkamata Mbuke kwa mkono mwingine, akaanza kutuvuta pamoja huku akisali kwa sauti. Wateja waliacha kula wakaitikia amina. Mbuke, ambaye goti lake la kushoto halijakunjika vizuri tangu mvua za mwaka juzi, alijichomoa akakimbia hadi kwenye gari akajifunika khanga. Sijawahi kumchukia mtu mwema kama nilivyomchukia Euphrasia.

Ya tatu nilidhani tumepata. Ukuta wa matofali, umepigwa plasta. Mbuke akaketi upande huu na Coletha, mimi nikazunguka upande wa pili, nikaagiza soda, nikainua chupa. Mara nikasikia Coletha akipiga yowe. Kumbe hoteli ilikuwa imefunga kamera kila chumba, na televisheni yake ilikuwa ukutani mbele ya meza ya Mbuke. Nilikuwa nakunywa soda mbele ya mama mkwe, kwenye kioo kikubwa kuliko mlango wa gari. Bahati yake alikuwa anatazama chini kwa mazoea.

Saa nane mchana Coletha alinishukia pale kwenye maegesho.

"Baba Goodness, mama yangu hajaonja kitu tangu jana usiku. Yeye kaja kula, wewe umekuja kukagua majengo!"

"Unataka nifanye nini? Nile kichwa kikiwa ndani ya ndoo?"

"Ukibaki garini atauliza mkwe wangu yuko wapi. Ukiingia atakimbia. Fanya unalojua, lakini leo mama yangu atakula na watu wake."

Nilimtazama Mbuke kupitia dirishani, amekaa wima kama mtu anayesubiri kuitwa jina, mikono juu ya mapaja, na roho iliniuma. Miaka sabini anapikia wengine, na siku aliyoomba yeye, anashinda njaa kwa sababu ya mdomo wangu.

Muuza vocha ndiye aliyetuelekeza sehemu ya nne. Ilikuwa bustani nje kidogo ya mji, yenye vibanda vya nyasi vyenye namba, na kila kibanda kina meza na kitambaa chekundu. Kibanda namba sita na namba saba viligawanywa na ukuta mmoja wa matete. Nilikaribia kuubusu. Tukapanga: Mbuke na Coletha namba sita, mimi namba saba. Coletha akasema basi sasa nivae viatu alivyoninunulia, maana katambuga zangu zitatia aibu keki aliyomwagizia mama yake. Vilikuwa vya kahawia, vyenye ncha, na vilinibana hata masikio. Nikavivaa, nikajikokota hadi namba saba, nikakaa. Coletha akakimbilia jikoni, kwa sababu pale mteja huchagua sato wake mwenyewe, na yeye hamwamini mtu kwenye suala la samaki. Mbuke akaachwa aje polepole na mhudumu, binti mmoja aitwaye Paskalia.

Tusichokijua ni kwamba namba sita ilikuwa imeshakaliwa na wanunuzi wawili wa dhahabu na mizani yao. Paskalia alichungulia, akawaona, akageuza.

"Bibi, kaa hapa na huyu mzee. Yuko peke yake, hana neno."

Nikasikia fimbo yake ya kutembelea ikigonga chini. Mbuke aliingia akitazama chini. Akaviona viatu: vya kahawia, vyenye ncha, vinang'aa. Viatu vya mtu baki.

"Mwadila, baba," akanisalimu Kisukuma, akainua macho akanitazama usoni.

Miaka kumi na tisa nilikuwa najiuliza siku hiyo itakuwaje. Alinitazama kama mtu anavyosoma ratiba ya basi, akaketi.

Nikabanwa kotekote. Nikijibu, sauti yangu anaifahamu. Nikikimbia, kwa viatu vile nisingefika mlangoni. Nikaitikia kwa kichwa.

"Mzee, maji ya moto au ya baridi?" Paskalia akauliza.

Nikanyoosha kidole.

"Masikini, ni bubu," Paskalia akamnong'oneza Mbuke, kwa sauti iliyofika hadi kwa wanunuzi wa dhahabu.

"POLE BABA," Mbuke akanipigia kelele. "TUTAKULA WOTE."

Sato wawili waliochaguliwa na Coletha wakaletwa, wakawekwa mezani pamoja, na ugali. Mbuke akanawa, akapapasa kitambaa chekundu kwa viganja vyote viwili, akatabasamu. Halafu hakula. Alinisubiri.

"Kula, baba. Mimi siwezi kula mwenzangu ananiangalia."

Sikugusa. Akaanza kuongea, kama watu wanavyoongea na mtu asiyeweza kuwajibu.

"Leo nilitaka nile na mkwe wangu. Fundi wa magari. Mzito kidogo, nadhani, maana kiti cha nyuma ya ghala kinalia akikaa. Ukitaka kujua mtu, baba, mpikie miaka kumi na tisa bila kumwona. Nasikiliza sahani. Ikikwaruza najua ameshiba. Ikirudi imejaa silali. Nimezika wanangu wawili nikiwa nimewaona wakila tangu wakiwa na jino moja. Huyu mkwe, Mungu amenipa akiwa mtu mzima, na sijui hata anatafunia upande gani." Akasogeza sahani yangu karibu nami. "Samaki anapoa. Usipokula wewe, na mimi nitaondoka Geita na njaa."

Nikala. Nisameheni mababu zangu wote, nilikula. Nilikata tonge, nikachovya, nikatafuna mbele ya mama mkwe wangu, na radi haikupiga. Naye akala. Anakula haraka haraka, kumbe, kama mtu aliyezoea kuitwa kabla hajamaliza. Katikati akapunguza mwendo. Akanyonya kichwa cha samaki kwa starehe hadi shavu likang'aa mafuta. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Nilipomaliza nilinawa. Ndipo nilipoona macho yake yamekaa kwenye sahani yangu.

Miba ilikuwa ukingoni, mmoja baada ya mwingine. Kichwa mwisho, kikitazama nje. Kitonge cha ugali, dole gumba.

Aliitazama kwa muda mrefu. Alitazama viatu. Akarudi kwenye sahani. Mimi nilikwisha kufa pale pale, nilikuwa nasubiri tu kuzikwa. Kisha Mbuke akavuta khanga ikamfunika nusu ya uso, akateremsha macho, na kwa sauti ndogo kabisa, si ile ya kumsemesha bubu, akaniuliza, "Umeshiba, baba?"

Nikainamisha kichwa kwamba ndiyo.

Hapo Coletha, aliyekuwa jikoni muda wote akiandaa keki, akatokea nayo ina mshumaa. Akatuona, na keki ikainama.

"Ingia, mwanangu," Mbuke akamwahi. "Nimekula na huyu bubu wa watu. Mkwe wangu yuko wapi?"

Coletha akanitazama. "Yuko... yuko kibanda namba mbili, mama."

"Amekula?"

"Amekula, mama."

"Najua," akasema Mbuke.

Akapuliza mshumaa. Wanunuzi wa dhahabu wakapiga makofi nyuma ya matete. Akamlisha binti yake kipande cha kwanza, kama ilivyo kawaida ya keki. Akamega cha pili, akafumba macho kabisa, akanyoosha mkono upande wangu. Kipande kikanigonga pua kwanza. Nikakifuata kwa mdomo. Nilitokwa na machozi, na sioni aibu kusema, maana hakuna desturi inayomkataza bubu kulia.

Jumapili tulimrudisha Samuye. Niliendesha na katambuga zangu, kitenge kikiwa nyuma ya kiti. Aliposhuka alipita mbele yangu akitazama chini, akaingia jikoni, nami nikaenda kukaa nyuma ya ghala. Kiti kikalia.

"Mkwe, mwadila!" akaita kupitia ukuta.

"Mwadila, mayu," nikamwitikia, yaani mama.

Sufuria zikagongana. Kisha nikamsikia akimwambia Coletha, kwa sauti ya kumfikia mtu aliye nyuma ya ghala:

"Mwambie mkwe wangu avitunze vile viatu vya kahawia. Mwakani yule bubu atavihitaji."