Kisigino cha Baba na Nyumba ya Mama

Kwetu Machochwe, miaka ya hamsini, kila mtu alikuwa daktari wa miiba. Ukilalamika kichwa, watu walikuuliza maswali. Ukilalamika kisigino, hakuna aliyeuliza, walitafuta sindano. Ndivyo baba yangu, mtu wa makamo aliyefuata ng'ombe pekupeku tangu utotoni, alivyoangukia mikononi mwa kaka yake, baba yangu mkubwa, bingwa aliyejiteua mwenyewe.

"Mura, mdogo wangu, tulia," alimwambia, amemkalia mguu. "Miiba mimi naijua."

Alichimba mara ya kwanza, hakupata kitu. Alichimba mara ya pili, akatangaza kwamba mwiba umehama. Mara ya tatu alitumia kisu cha kuchunia ngozi, na hapo alipata damu nyingi, jambo alilolihesabu kuwa maendeleo.

Maumivu yenyewe yalikuwa na tabia yake. Asubuhi baba akishuka kitandani na kukanyaga chini, alipiga yowe. Akizunguka boma kidogo, yalipoa. Jioni yalirudi. Mwiba gani huo unaofuata saa? Mtu mwenye akili angejiuliza. Baba alijiuliza, na jibu alilopata lilikuwa mama yangu.

Alikuwa na wake wawili, kila mmoja na nyumba yake, naye alilala kwa zamu. Yowe la kwanza alilipiga kwa mama, mke mdogo. Zamu ya mke mkubwa ikifika, aliamka akatembea vizuri kabisa. Ushahidi gani mwingine mnautaka? Baba mkubwa, ambaye kushindwa kwake sasa kulipata maelezo mazuri, alisema mwiba wa kawaida asingeukosa, huu ulitegwa. Wakafukua sakafu chini ya kitanda cha mama, wakapata jino la mbuzi. Jino la mbuzi, katika boma lenye mbuzi! Wazee wakatikisa vichwa.

Mama alicheka siku ile. Hakucheka baba alipoacha kula kwake, maana kwetu mume akikipita chungu chako mbele ya watoto, amekwisha sema. Baada ya wiki mbili wakamwambia akapumzike kwa kaka zake, ng'ambo ya mto Mara, upande wa Tarime. Kupumzika! Ilibaki wazee wakubaliane tu kwamba ng'ombe wa mahari warudi. Wakisharudi, ndoa imekwisha, na watoto wanabaki kwa baba. Nilikuwa msichana wa miaka kama kumi na mitatu, na wadogo wawili nyuma yangu. Nilimchukia baba kabisa, na kisigino chake nilikiombea mabaya.

Maombi yalijibiwa. Kidonda cha kisu kilitunga usaha, baba akapandishwa lori la pamba hadi hospitali kubwa mjini, nami nikapelekwa kumpikia. Daktari alikipiga picha kile kisigino akitafuta mwiba. Hakukuwa na mwiba. Palikuwa na kimfupa kilichoota chini ya kisigino, kimechongoka kama kile kinachoota mguuni kwa jogoo mzee.

"Hiki hakikuota kwa usiku mmoja," msaidizi wa daktari alitutafsiria. "Ni miaka mingi ya kutembea. Mshipa wa chini ya unyayo unauvuta mfupa, na mfupa unaota. Wengi wa umri wako wanacho na hawana habari, maana hakiwaumi. Kinachokuuma wewe ni huo mshipa: ukilala unajikunja, asubuhi ukikanyaga unavutwa ghafla."

Nami leo ninacho, miguu yote miwili, na sina mke mwenza wa kumsingizia.

"Mbona kwa mke mkubwa hauumi?" baba aliuliza, kwa sauti ya wakili.

"Mke mkubwa anakufanyia nini?"

Baba alifikiri. "Ananikanda kwa maji moto na samli. Ananivuta vidole. Kabla sijashuka kitandani."

"Basi, mzee, dawa unayo nyumbani. Mwambie na mwenzake afanye hivyo."

Tuliporudi, mke mkubwa alilia. Alikuwa ameanza kumkanda mara tu baada ya kusikia lile yowe la kwanza, kwa hofu kwamba likisikika na kwake, atalaumiwa yeye. "Nilijiokoa, mwanangu," aliniambia. "Sikujua ninamzamisha mama yako." Niliendelea kumwamkia shikamoo kila asubuhi, na kila asubuhi nilijiuliza kama kweli hakujua.

Desturi inamtaka mume amfuate mke mwenyewe, hawezi kutuma mtu. Baba alikwenda akichechemea siku mbili, na mbuzi wa kuomba radhi, na baba mkubwa, ambaye njia nzima alieleza kwamba yeye tangu mwanzo alishuku mfupa. Nami niliwafuata bila kuombwa. Mama alitusikiliza amekaa mlangoni kwa kaka yake. Baba alisimulia vizuri sana, picha, mshipa, mfupa, miaka, utadhani kavigundua yeye.

Mama akamwuliza, "Na hiyo picha isingeonyesha kitu, ungekuja?"

Baba alimtazama mbuzi wake.

"Basi ninarudi kwa watoto," mama alisema, akaingia ndani kuchukua mzigo.

Alirudi kweli. Alitulea, akampikia baba mpaka mwisho. Kile kisigino hakukigusa hata siku moja.