Karatasi za Mifuko ya Saruji

Juzi, katika duka la vifaa vya ujenzi huku Mandera, nilisikia harufu ya mfuko wa saruji, nikamwona akilini mama enzi zile, kapiga magoti sakafuni nyumbani kwetu mtaa wa Waberi, mkaa mkononi.

Fundi cherehani wa sokoni alikuwa amemwambia kwamba gauni la jioni la bibi harusi hushonwa Nairobi tu. Mama akanunua satini, akamlaza dada yangu, bibi harusi mwenyewe, juu ya karatasi za saruji, akachora umbo lake, akaongeza vidole viwili kila upande. Alipokwenda kuswali, mbuzi aliingia akala kifua chote cha ule mchoro wa karatasi. Harusi ilikuwa kesho.

"Hooyo, mama yangu, tuazime la jirani," dada alisema akilia.

"La jirani limecheza harusi nne, limechoka kuliko mimi. Lala chini."

Akachora upya, akakata, akashona.

Kesho yake wanawake walifunga milango, dada akavua buibui. Mke wa fundi akauliza gauni limetoka duka gani la Nairobi.

"Muulize mbuzi," mama alisema.

Pale dukani Mandera, nilimwomba mwenye duka mfuko mtupu wa saruji.

"Unajenga wapi, eeddo?" akauliza, akiniita shangazi kwa heshima.

Niliukunja taratibu, nikautia begini.