Maua Nisiyoweza Kumwambia Mama Mkwe

Mimi nina hasira za karibu, na Mungu kwa kunijua akanipa ukwe mahali ambapo sina ruhusa ya kukasirika. Nilitoka Narung'ombe nikaja kuishi kwa wakwe zangu Nachingwea, uwanja mmoja na mama mkwe. Kwa heshima yetu, mimi na yeye hatusemeshani. Akitoka yeye, nageuka. Nikipita mimi, anajitanda kanga hadi puani.

Mke wangu ndiye alikuwa mdomo wetu. Alipokwenda Mtwara kusomea uuguzi miaka miwili, mdomo ukahamia kwenye simu. Mama akitaka nimpasulie kuni, anampigia mwanawe Mtwara, mwanawe ananipigia mimi. Mimi niko hatua kumi tu, nimesikia kila neno, lakini sinyanyuki mpaka simu yangu iite. Mtandao ukisumbua, siku hiyo tunakula viporo.

Sasa mke wangu anapenda maua. Nikaapa moyoni kwamba akirudi na cheti chake atayakuta mlangoni bila kuambiwa. Nikanunua Masasi pakiti ya mbegu za maua ya njano yenye kitovu cheusi, yale ambayo ukishayapanda yanachipua mwaka hadi mwaka, jua liwake lisiwake. Bwana shamba akanionya: mwaka wa kwanza ni majani tu, maua utayaona wa pili. Nikasema miaka miwili ninayo.

Nikaotesha kwenye sufuria iliyotoboka, kisha nikahamishia miche ishirini mbele ya nyumba. Asubuhi moja natoka na mswaki mdomoni, patupu. Pamepaliliwa, pamefagiwa, mistari ya ufagio imelala vizuri kabisa. Nikameza povu la dawa ya meno. Ningemtuma nani? Mdomo wetu ndiye huyo huyo asiyetakiwa kujua.

Nikaotesha tena. Nikazungushia miiba, ikaishia jikoni kuwa kuni. Nikasema na kuku kwa sauti, "Jamani, haya si magugu." Kuku wakanitazama, mama akaingia ndani haraka, kwa adabu, asije akasikiliza mazungumzo ya mkwe wake.

Mvua za mwaka wa pili zilipokuwa zinaisha, nilibaki na mche mmoja tu, uliojificha nyuma ya mtungi wa maji pale mlangoni. Umefunga tumba. Mke wangu anafika wiki hiyo. Nikamkuta mama ameinua jembe juu yake.

"Mama, acha!"

Jembe likaanguka. Nilitamani ardhi inimeze. Mama akajitanda, akanipa mgongo.

"Kumbe baba ulikuwa unayapanda?"

"Ni maua, mama. Ya mwanao."

"Mimi nikadhani mkwe wangu hajui gugu wala mmea. Ndiyo nikawa nang'oa mapema, kabla watu hawajapita, wasije wakakucheka."

Nilitaka kucheka, machozi yakanitoka. Muda wote ule namlaani kimoyomoyo, na mwenzangu ananisitiri.

Mke wangu alifika Ijumaa. Ua lilikuwa limefunguka, moja tu, hapo hapo mlangoni, na hakuliona. Alisimama na begi lake kichwani, akitutazama mimi na mama yake tunabishana uso kwa uso, nani kalimwagilia maji kupita kiasi.