Shati Lisilonuka Dizeli

Dereva wa basi hufika kwake akitanguliwa na harufu ya dizeli, kisha kikohozi, kisha yeye mwenyewe, akifuta viganja kwenye suruali kana kwamba usukani umemganda. Mkewe humjua kwa pua. Lakini wiki ya pili hii amekuwa akiyanusa mashati yake, kola mpaka kwapa, na hayanuki kitu. Leo uzalendo ukamshinda.

“Baba watoto, siku hizi unaoga wapi kabla ya kurudi?”

“Si nilikuambia tumepewa mabasi ya umeme? Hayana moshi.”

Kweli alimwambia, naye akadhani ni porojo zake za kila siku. Dereva akaangua kicheko. Mkewe akakisubiri kile kikohozi ambacho hukikata kila kicheko chake katikati. Kicheko kikaendelea, kikaendelea, mpaka kikaisha chenyewe.